Njoo na Jembe Lako

Wellington Plúas aliingia mjini Pambarumi kwa sababu ya kibofu, si kwa mapenzi ya mazingira. Basi la Ambato, ambalo hupita mara moja kwa siku, lilisimama dakika kumi, yeye msalani akatumia kumi na mbili, na dereva wa kwetu hamsubiri hata askofu. Basi likaondoka na begi lake la nguo. Akabaki na mkoba wa karatasi, saa ya dhahabu ambayo haikuwa ya dhahabu, na viatu vyeupe vya ngozi vilivyong'arishwa kwao Guayaquil, huko pwani, sasa vimesimama katika tope la stendi kama bwana harusi aliyekosea kanisa.

Mwingine angetukana. Wellington hakutukana, maana kwa mtu wa kazi yake kila mahali ni ofisini. Alikwenda kutafuta kahawa, na kwenye mlango wa duka la mikate akakuta tangazo la mkono, herufi kubwa za mtu aliyesoma kwa shida lakini anayejua anachotaka. Taasisi ya Marafiki wa Chemchemi inatafuta wajumbe wanne wapya wa bodi. Hakuna posho. Njoo na jembe lako.

Hapo kwenye jembe alicheka. Alidhani ni maneno ya kupamba tu, kama wasemavyo watu wa mashirika, njoo na moyo wako, njoo na ndoto zako. Bodi alizozijua yeye zilikuwa na bahasha, biskuti na kiyoyozi. Bodi yenye jembe hajaiona tangu azaliwe.

Mwoka mikate wetu ana ugonjwa wa kusema, na kwa bei ya kikombe kimoja cha kahawa Wellington alipata historia nzima. Taasisi ina hekta arobaini huko juu kwenye nyika ya baridi, na katikati yake chemchemi. Nyumba mia mbili za mtaa wa chini zinakunywa maji hayo bure. Bodi ina viti saba, lakini wajumbe wawili wamekufa, mmoja amemfuata binti yake Madrid, na mmoja magoti yamemkataa. Waliobaki ni mwenyekiti, Bi Targelia Chicaiza, mwenye miaka sabini na miwili, na wazee wawili ambao humkubalia kabla hajafungua mdomo. Na katiba ya taasisi, mwoka mikate akaongeza huku akifuta meza, inaruhusu ardhi kuuzwa ikipigiwa kura. Lakini nani auze, akasema, akacheka mwenyewe, maskini.

Wellington alihesabu vidole chini ya meza. Viti saba. Watatu upande ule, wanne upande huu. Kahawa hakuimaliza.

Alikuwa anamjua mtu katika kampuni moja ya kujaza maji kwenye chupa, akampigia simu. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu mimi ni mwoga na wao wana mawakili. Kesho yake jibu likaja, pamoja na dola mia sita za matumizi madogo madogo: ilete chemchemi na sahihi za bodi kabla mwezi haujaisha, na fungu lako utaliona. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa. Mtaa wa chini walikuwa wakifua nguo, hawana habari kwamba maji yao yameshaanza kupangiwa bei.

Kilichobaki ni kupata watu watatu wenye tamaa. Pambarumi tumewahi kupungukiwa mbegu za viazi, barabara, hata padri. Bidhaa hiyo nyingine hatujawahi kupungukiwa.

Na mjue kwamba kwetu mtu asiye na cheo anaonekana kama ametoka nyumbani bila suruali. Eudoro Villacrés anang'oa meno, na usipomwita Daktari atakung'oa lililo zima. Abdón Naranjo anauza misumari na saruji, na tunamwita Injinia; uinjinia aliusoma miaka miwili ukamshinda, lakini cheo hakikumshinda. Piedad Larrea ana hoteli ya vyumba tisa na shahada aliyoitia fremu juu ya mapokezi, mahali ambapo wengine humweka Bikira Maria, kwa hiyo tunamwita Msomi. Watatu hawa hawajawahi kuonekana kwenye minga, yaani msaragambo wetu wa kila Jumamosi, ambapo watu hupanda juu na majembe kuzibua mifereji na kupanda miti. Daktari huwa na pumu siku za Jumamosi. Injinia ana duka. Msomi ana kucha.

Wellington alijitambulisha kuwa Injinia wa Mazingira na Maendeleo Endelevu, cheo kirefu kuliko vyote mjini, na wakamheshimu papo hapo. Aliwakusanya sebuleni kwa Daktari, dirisha wazi, nje mtunza bustani Rosendo akipogoa mawaridi kwa utulivu wa mtu anayelipwa kwa siku. Daktari aliambiwa fungu lake litazidi ya wenzake, kwa hadhi yake. Injinia aliambiwa hivyohivyo mlangoni. Msomi aliambiwa hivyohivyo kwenye ngazi, tena kwa kubusiwa mkono.

"Na hao wa mtaa wa chini watakunywa nini?" Msomi aliuliza, maana shahada humsumbua mtu.

"Maji, dada yangu. Hayohayo. Ila sasa yatakuwa na kifuniko na lebo."

Wakacheka sana. Nje mkasi wa Rosendo ulinyamaza kidogo, kisha ukaendelea. Hata hivyo watatu hao walisema hawatoi senti ya kumshukuru Wellington mpaka kura ipite, kwa kuwa watu wa milimani si mbumbumbu. Wellington akawaambia wamefanya vizuri, dunia imejaa matapeli.

Ofisi ya taasisi ni chumba kimoja nyuma ya kitalu cha miche, kinanuka samadi na moshi. Bi Targelia alikuwa ameketi mlangoni na kofia yake ya sufu, anamenya maharage. Aliwatazama wageni wake wanne kuanzia juu kwenda chini, na alipofika kwenye viatu vyeupe akakaa hapo muda mrefu kidogo. Wellington alihutubia kuhusu vizazi vijavyo kwa robo saa, mpaka mmoja wa wale wazee wawili akasinzia. Bi Targelia akasema karibuni, mikono inahitajika. Kisha akasukuma mbele katiba, kurasa arobaini zilizoshonwa kwa uzi, na karatasi ya kukubali ujumbe.

"Someni kwanza, ndipo mweke sahihi," alisema.

"Tumeshaisoma, mama yangu," Wellington akajibu. "Neno kwa neno."

"Yote, Injinia?"

"Mpaka nukta ya mwisho."

Alikuwa amesoma kifungu cha nne peke yake, kile cha kuuza ardhi. Na msimlaumu. Miaka ishirini ameishi kwa watu wanaoweka sahihi bila kusoma, na kwake karatasi ni kitu cha kuwaandikia wengine. Waliweka sahihi wote wanne, Daktari kwa wino wa kijani wenye mkia mrefu.

Wino haujakauka, Wellington akaomba kura ya dharura juu ya ardhi ya chemchemi, kwa faida ya wote. Bi Targelia hakushtuka. Alisema kura ipo, ni haki yao, ila kuna utaratibu. Kila anayekuja minga huandikiwa mstari mmoja kwenye daftari, na mjumbe mwenye mistari chini ya kumi na miwili hahesabiwi kwenye kura. Akifika kumi na miwili, anahesabiwa. Ni hilo tu.

Jumamosi kumi na mbili. Wellington aliuona mwisho wa mwezi ukimpita kama lile basi.

"Mama, sisi tuna ari," alisema. "Ari yetu haiwezi kungoja Jumamosi."

Bi Targelia alitafuna harage moja taratibu. "Kama ari ni nyingi namna hiyo, mwanangu, naweza kuita minga kila siku."

Wellington alimshukuru. Aliinama kabisa akamshukuru, na mashahidi wapo.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, baridi inauma masikio, wajumbe wapya walipanda mlimani. Wajumbe watatu, maana Daktari alimtuma Rosendo na jembe. Jioni akaja na gari kuchukua mstari wake, akakuta umeandikwa kwenye jina la Rosendo.

"Mstari ni wa aliyetoka jasho," Bi Targelia alimweleza.

"Lakini nimemtuma mimi. Nimemlipa mimi."

"Basi umemlipia mstari wake, Daktari. Mungu atakuzidishia."

Toka siku hiyo Daktari alikuja mwenyewe, pumu na yote, na Rosendo akabaki na mawaridi, kwa sababu bosi wake hakutaka kulipia mstari wa pili. Injinia Naranjo alijaribu kusimamia kazi, mikono nyuma, akielekeza kwa kidevu. Bi Targelia akamtwisha gunia la samadi. Msomi alikuja na glavu za lasi. Kufikia Jumatano hakukuwa na glavu wala kucha.

Na Wellington? Mtu wa Guayaquil amezoea hewa nzito, ya kutosha, unavuta moja unashiba. Kule juu kwetu unavuta tatu hupati moja. Siku ya kwanza tope lilikula soli ya kiatu cha kulia, na kabla hajamaliza kuliombolezea likala ya kushoto. Bi Targelia akamwazima gambuti za marehemu mumewe, kubwa kwa namba mbili, zikawa zinapiga makofi kila akitembea. Rosendo ndiye aliyemwonea huruma siku hiyo moja aliyokuwepo. Alimwonyesha namna ya kushika mpini.

"Usipigane nalo, bosi," alimwambia. "Jembe halina ugomvi na wewe."

Habari zikaenea kwamba Daktari Villacrés anachimba mtaro. Nani atakaa nyumbani? Mtaa wa chini wote ulipanda kuja kuona kwa macho yao, na kila aliyefika Bi Targelia alimkabidhi jembe. Onyesho lilikuwa bure, kiingilio kilikuwa kazi. Mchana wanawake walitandika blanketi, wakamwaga mahindi ya kuchemsha, viazi, maharage na pilipili, siku nyingine simbilisi wa kuchoma, na watu wote wakala mkono kwa mkono kutoka hapo hapo chini. Msomi, ambaye hoteli yake inatoa vitambaa vya mkononi vya aina mbili, alionekana akilamba vidole.

Siku ya saba miche ikaisha. Bi Targelia alitangaza kwa masikitiko makubwa, mimi nilikuwepo, sijawahi kuona masikitiko mazuri kama yale. Bila miche hakuna minga, bila minga hakuna mstari. Kitaluni iko mingine elfu tatu, lakini hiyo ni ya kuuza, na taasisi nayo ina tumbo.

Wajumbe wenzake wakamgeukia Wellington. Yeye ndiye mwenye mradi. Siku zimebaki chache na fungu ni nono, na mtu akishalowa haogopi tena mvua. Alitoa dola zote za kampuni zilizobaki, mia tano na themanini.

"Na hiyo saa," Bi Targelia akasema.

"Mama, hii ni dhahabu."

"Si dhahabu. Lakini inasema saa ngapi, na mimi sina."

Akaivaa. Akampa Wellington risiti yenye mhuri, imeandikwa mchango wa hiari. Na hivyo ndivyo ile kampuni yenye mawakili ilivyotununulia miti elfu tatu ya kuilinda chemchemi yetu, na mpaka leo hatujaiandikia barua ya shukrani. Ni utovu wa adabu, nakiri.

Waliendelea. Mvua ikanyesha, wakaendelea. Usiku Wellington alipaka mafuta ya nguruwe kwenye malengelenge na kujisomea hesabu ya fungu lake kama wengine wasomavyo rozari. Mistari ikafika kumi, kumi na mmoja. Daktari akaanza kusema mtaro wake umenyooka kuliko wa Injinia, na wakapima kwa kamba, kweli ulikuwa umenyooka, na Injinia hakumsemesha siku nzima. Siku Daktari alipotimiza wa kumi na mbili, wa mwisho kati ya wanne, Wellington aliomba kura ipigwe kesho yake. Bi Targelia akasema hakuna shida, kesho ni Ijumaa, siku ya soko, watu watakuwepo.

Tulikuwepo. Uwanja wa kanisa ulijaa, vitunguu upande mmoja, bodi upande mwingine. Kina mama wa mtaa wa chini walisimama mbele na ndoo zao. Safari hii walikuwa wameshajua kinachopigiwa kura, na mmoja wao alikuwa analia waziwazi bila kujifuta. Wellington, ndani ya gambuti, alitoa hotuba tamu kuhusu maendeleo. Kisha akauliza nani anaunga mkono kuuza. Mikono minne ikapanda, yote imefungwa plasta.

"Wanne," akasema. "Dhidi ya watatu. Ni katiba, mama yangu, si mimi."

"Ni katiba," Bi Targelia akakubali. "Kifungu cha tisa. Tusomee, Injinia. Macho yangu yamechoka."

Wellington akafungua ukurasa ambao hajawahi kuufungua. Alianza kwa sauti ya redio akamaliza kwa sauti ya mgonjwa. Kwamba katika jambo la ardhi, kila mwenye mistari kwenye madaftari ya minga, awe mjumbe au asiwe, ana haki ya kura; na kwamba uzito wa kura ya mtu ni idadi ya mistari yake.

Rosendo akaja anasukuma toroli. Ndani yake madaftari thelathini na moja, daftari moja kwa kila mwaka, mengine yameliwa pembe na panya. Wajumbe wanne, mistari kumi na miwili kila mmoja: arobaini na minane. Bi Targelia aliandika namba hiyo ubaoni kwa chaki, vizuri, bila haraka. Akauliza nani anapinga. Ndoo zikawekwa chini, mikono mia ikapanda, lakini yeye akamtazama aliye karibu zaidi.

"Rosendo, wewe una mingapi?"

Rosendo alivua kofia. "Nilikuwa nayo arobaini na minane, mama. Ya Jumamosi nilizopata ruhusa. Sasa ni arobaini na tisa."

Uwanja mzima ulihitaji muda kidogo kufanya hesabu. Daktari aliifanya kwanza, kwa kuwa amesoma.

"Huo mmoja ni wangu," alisema. "Nimeulipia."

"Ndiyo, bosi," Rosendo akasema. "Ahsante."

Bi Targelia hakuhesabu mistari yake mwenyewe. Yeye peke yake ana mistari elfu moja na mia tano na kitu, angeweza kuwamaliza siku ile ya kwanza kabla maharage hayajaiva. Alisema tu hakuna haja ya kuwachosha watu, soko linangoja. Yule mama aliyekuwa analia aliendelea kulia, ila sasa kwa kicheko, na akamkumbatia Rosendo mpaka kofia ikaanguka kwenye vitunguu.

Mkidhani wale watatu walirudi kwenye pumu, duka na kucha, hamjui maana ya cheo. Daktari hakulala wiki nzima. Si kwa ajili ya fungu. Alikuwa amepitwa na mtunza bustani wake, arobaini na tisa kwa kumi na miwili, mbele ya watu. Sasa kila Jumamosi yuko mlimani kabla ya jua, anakimbiza. Tatizo ni kwamba Rosendo naye yuko, maana hana tena bosi nyumbani wa kumnyima ruhusa. Tofauti yao imebaki palepale, thelathini na saba.

Ama Wellington, Ijumaa ileile alikwenda stendi kungoja basi, nauli amechangiwa na mwoka mikate. Bi Targelia alimfuata na mfuko wa mikate ya moto.

"Ulijua tangu lini, mama?" alimuuliza.

"Rosendo mkasi wake mzuri, mwanangu, lakini masikio yake mazuri zaidi." Akaitazama saa yake. "Mistari yako kumi na miwili haifutiki. Ukirudi utaanzia wa kumi na tatu."

Basi likaja. Wellington alikatiwa tiketi dirishani, na mtu akishaumwa na nyoka hata ukuti humshtua. Alisimama pale pale, akaisoma tiketi mbele, akaigeuza, akasoma yale maandishi madogo ya nyuma, masharti ya mizigo, ya kuku, ya watoto chini ya miaka mitano, neno kwa neno, mpaka nukta ya mwisho. Alipoinua macho akaona vumbi. Dereva wa kwetu hamsubiri mtu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi.